Nani Atapika?

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Luka 10:38–42

Nawasalimu popote mlipo asubuhi hii: ninyi mlio jikoni mkingoja chai ichemke, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi wagonjwa mnaosikiliza mkiwa kitandani. Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huja kuniuliza baada ya ibada, tena huniuliza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye deni. Mama mwenye miaka 40 na zaidi hunivuta kando, akatazama nyuma kama kuna anayesikia, kisha akasema, “Mwalimu, mtu kama mimi anaweza kurudi chuoni kweli?”

Kwa kuwa nilifundisha chuoni miaka mingi kabla ya kustaafu, hudhani nitaanza kumweleza habari za fomu na karo. Fomu na karo ni jambo la pili. Tukikaa kidogo, maswali yenyewe hutoka moja moja. Watu watasemaje? Bwana yangu atakubali? Nitakaaje darasa moja na watoto walio rika la mwanangu? Na chini ya hayo yote kuna swali ambalo mama mwingine hata haoni haja ya kulitamka, maana anadhani jibu lake linajulikana: nikienda, nani atapika?

Kwanza tuwatendee haki hawa akina mama. Wengi wao hawakuacha masomo kwa uvivu. Kuna waliobaki nyumbani kwa sababu karo ilikuwa ya mtoto mmoja tu, na kaka ndiye aliyepelekwa. Kuna walioolewa wakiwa chuoni, na kila mtu akachukulia kwamba safari ya vitabu imekwisha. Na kuna waliopata mimba wakiwa shuleni. Kabla ya mwaka 1994 nchi yetu haikuwa na mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Msichana alifukuzwa, na mambo yakaishia hapo, huku mvulana aliyehusika akiendelea na hesabu na sayansi zake kama kawaida. Kanisani nako msichana huyo aliwekwa kiti cha nyuma. Aliyekuwa kidato cha tatu mwaka 1992 leo anakaribia miaka 50 au amekwisha kuipita. Amelea watoto, amezika wazazi, amesimamia shamba. Lakini mpe fomu yenye mahali pa kujaza “elimu” uone kalamu inavyosita mkononi mwake.

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya 10. Bwana Yesu aliingia kijiji kimoja, na mwanamke jina lake Martha akamkaribisha nyumbani. Dada yake, Mariamu, akaketi miguuni pa Bwana akamsikiliza. Martha alizidiwa na kazi ya kuwaandalia wageni, akaja kushtaki. Jibu la Bwana mnalijua. Hakumwamuru Mariamu arudi jikoni.

Maneno hayo, “miguuni pa,” tusiyapite mbio. Katika Matendo ya Mitume 22:3 Paulo anaeleza kwamba alilelewa Yerusalemu miguuni pa Gamalieli, na maana yake ni kwamba alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo Luka hatuambii tu kwamba Mariamu alichoka akapumzika sakafuni. Anatuonyesha mwanamke aliyechukua nafasi ya mwanafunzi mbele ya mwalimu, nafasi ambayo siku zile kwa kawaida ilishikwa na wanaume. Na mwalimu akamtetea.

Lakini mimi nina neno la kumtetea Martha pia. Nafikiri huwa tunamhubiri vibaya. Wageni walikuwa wametoka safari, na mkate haujioki wenyewe. Nimesikia mahubiri mengi ya kumkemea Martha, na mengine yalitolewa na wahubiri waliokuwa wakisikia harufu ya chakula kutoka nyuma ya kanisa, mahali akina Martha wa ushirika walipokuwa wakigeuza sufuria tangu alfajiri. Baada ya “Amina” wahubiri hao walikula wakashiba. Basi Bwana hakudharau sufuria. Alikataa tu sufuria itumiwe kumwondoa mwanafunzi darasani.

Luka hatuambii chakula cha siku ile kilipikwa na nani mwishowe. Kila nyumba ambayo mama anataka kurudi kusoma italazimika kulijibu swali hilo yenyewe.

Kuna mama mmoja wa ushirika wetu, sehemu za Machakos, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Mwaka 1997 aliingia chuo kusomea uhasibu. Mwaka uliofuata aliolewa, akawa mja mzito, akarudi nyumbani. Alikaa huko miaka 20. Akazaa watoto wanne. Katika miaka hiyo akina mama wa kikundi chao walimchagua kuwa mweka hazina, nao walikuwa na lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambalo vikundi vingi mnalijua, kila kufuli na ufunguo wake kwa mama wake. Yeye ndiye aliyeandika daftari: nani ametoa hisa, nani amekopa, nani amerudisha na riba. Hakuna shilingi iliyopotea mikononi mwake.

Mwaka 2018 kitinda mimba wake alipokuwa darasa la tano, alimwambia bwana yake wakiwa wamemaliza kula, “Baba watoto, nataka kurudi chuoni nimalize ile kozi.”

“Kozi gani?”

“Ile ya uhasibu niliyoiacha.”

“Mama watoto, hiyo ni miaka ishirini iliyopita. Umekosa nini hapa nyumbani?”

Basi. Kwa wiki mbili jambo hilo halikutajwa tena. Walisalimiana, wakala, wakaomba, wakalala, lakini lilikuwa pale katikati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

Hapa nataka kusema na wewe baba unayenisikiliza. “Umekosa nini?” ni swali la mtu aliyejeruhiwa. Mke amesema anataka kusoma, na mume amesikia kwamba yeye hatoshi. Bwana huyu ni fundi wa kujenga nyumba za mawe, na yeye mwenyewe aliishia darasa la nane. Mwishowe, usiku mmoja, alilitoa lililokuwa likimsumbua: “Ukishapata hicho cheti, mimi utaniona nani?”

Mama huyo anasema hakuwa na jibu zuri. Wengine wetu tungetafuta aya. Yeye alimwambia tu, “Siku ya soko twende wote tukaulize karo.” Na wakaenda. Walipanda matatu, wakasimama katika mstari wa ofisi ya chuo pamoja na vijana, na fundi, ambaye maisha yake yote hukadiria gharama za nyumba za watu, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote: karo inalipwa kwa awamu ngapi, mtihani una ada yake, vitabu je? Waliporudi alikuwa ameandika hesabu yote nyuma ya risiti ya saruji. Tangu siku hiyo lilikuwa jambo lao wote wawili.

Sisemi kila baba atageuka hivyo. Wako akina mama wanaonisikia ambao wameomba na kubembeleza kwa miaka na mlango haujafunguka. Kwenu sina maneno mepesi. Ninachojua ni kwamba mume anayeitwa kuhesabu pamoja na mkewe huogopa kidogo kuliko mume anayeletewa habari iliyokwisha kuamuliwa. Tena akina baba, hofu hiyo ya kudharauliwa isemeni. Ikikaa moyoni bila kusemwa hugeuka ikawa amri, na mke huisikia kama ukali mtupu, asijue kwamba ni woga.

Majirani nao hawakukosa la kusema. “Amechoka na shamba.” “Anatafuta mjini nini?” Kisha ikasikika kwamba mama mkwe anakuja, na wote wakajua kwamba anakuja kulimaliza jambo hilo. Mama mkwe alifika na kikapu chake, akanywa chai, akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwambia mkaza mwanawe, “Mwanangu, unajua mimi nilijifunza wapi kusoma?”

Wasikilizaji wa umri wangu mtakumbuka. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na kila mahali palikuwa na madarasa ya watu wazima, mengine makanisani, mengine chini ya miti. Watu wakayaita ngumbaru, na wengine walilitamka neno hilo huku wakicheka. Mama mkwe huyu alikuwa amekaa katika darasa hilo akiwa na mtoto mgongoni. “Walinicheka njiani kwenda na njiani kurudi,” akasema. “Mama yangu alikuwa akikataa kunishikia mtoto. Mimi sitakuwa kama yeye. Siku zako za chuo, jiko ni langu. Na muthokoi wangu, watoto wanaupenda kuliko wako.”

Ninyi mliopika muthokoi mnajua kazi yake: mahindi yatwangwe mpaka maganda yatoke, yachemshwe na maharagwe kwa saa nyingi, moto usizimike. Mama mzee hakuweza yote peke yake. Basi aliwaita wajukuu wavulana, akawapa mchi na kinu. Mmoja wao, wa kidato cha kwanza, alisema hiyo ni kazi ya wasichana. Bibi akamwuliza, “Kwani unapokula, unakula kama msichana?” Kijana akatwanga. Maji yaliletwa na punda kama zamani, isipokuwa sasa aliyemwongoza punda alikuwa baba mwenyewe jioni akitoka kazini, na kijiji kikapata la kuzungumza kwa mwezi mzima. Kisha wakazoea.

Siku ya kwanza ya mama huyo darasani ilikuwa kama nilivyoona mara nyingi nikiwa mwalimu. Alipoingia, vijana walinyamaza wakamwamkia, “Habari ya asubuhi, mwalimu,” naye akaenda kukaa dawati la mwisho uso ukimwaka. Watu wazima hupenda dawati la mwisho. Hawajui kwamba huko ndiko kila mtu anayeingia huwaona kwanza. Wiki ya pili aligundua kwamba herufi za kitabu zinacheza machoni, akadhani ni akili imezeeka. Ilikuwa miwani tu! Ndugu, baada ya miaka 40 macho mengi hupunguza nguvu ya kusoma maandishi ya karibu. Wangapi wamejiita wajinga kwa sababu ya kukosa miwani?

Kompyuta ilimtesa zaidi. Msichana wa miaka 19 aliyeketi karibu naye ndiye aliyemfundisha kuweka vidole. Nilipoambiwa hilo nilimkumbuka Apolo. Katika Matendo 18, tangu aya ya 24, twasoma habari za mtu huyo, mzaliwa wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko. Alifundisha katika sinagogi la Efeso, na waliomsikia ni Prisila na Akila, mume na mke, mafundi wa kushona mahema. Waliona kwamba kuna mahali hajafika, wakamchukua wakamweleza. Apolo angeweza kuwaambia, “Ninyi washona mahema mtanifundisha nini?” Alikubali. Kwa mtu mzima kazi ngumu ya masomo ni hiyo: kukubali kuonyeshwa na mtu ambaye, mambo yangekuwa mengine, ungemtuma dukani.

Na miaka ya nyumbani haikuwa tupu. Siku mwalimu alipoanza kueleza jinsi kila fedha huandikwa mara mbili, inakotoka na inakokwenda, vijana walishika vichwa. Yeye alijikuta anacheka peke yake. Ndilo lile daftari la sanduku la kufuli tatu! Alikuwa akifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila kujua jina lake. Siku hiyo alihama dawati la mwisho, na jioni wale vijana walikuwa wamemzunguka wakiuliza.

Tunawajua wengine waliotangulia katika njia hii, nao wanakaa katika historia ya nchi yetu. Serikali ilipotoa elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alisikia, na Januari 2004, akiwa na miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret. Alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akakaa na watoto. Alieleza kwamba alitaka kusoma Biblia mwenyewe, maana alishuku kwamba mhubiri hafuati yaliyoandikwa. Sisi wahubiri tulihifadhi jambo hilo moyoni! Mwaka 2005 alifika New York akazungumza kwenye Umoja wa Mataifa kutetea elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa nyumbani, akaishi kambini, lakini hakuacha shule. Alifariki Agosti 2009. Na huko Ndalat, bibi Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60, akaingia shule ya msingi akiwa amekwisha kuwa bibi wa vitukuu, na baadhi ya watoto wa darasa lake aliwazalisha yeye. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99.

Hawa hawakuwa wakitafuta kazi, na wengine wetu tunatafuta. Kwa hiyo nitasema machache ya kawaida, ya karatasi na fedha, maana imani haimkatazi mtu kusoma risiti kabla ya kulipa. Usiuze ng'ombe kwa sababu ya tangazo zuri lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Vipo vyuo visivyo na kibali, na cheti chao hakimfikishi mtu popote. Chuo cha ufundi kiwe kimesajiliwa na mamlaka ya elimu ya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na chuo kikuu kiwe kimekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza, na uonyeshwe. Njia ni nyingi kuliko zamani. Tangu 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, watu wengi wazima wamesoma jioni baada ya kazi, na Agosti 2023 ilianzishwa Open University of Kenya, ambayo wanafunzi wake husoma wakiwa makwao kwa njia ya intaneti. Kama cheti chako cha zamani kilipotea au kililiwa na mchwa, nenda ukaulize Baraza la Mitihani kabla ya kukata tamaa. Wala usione aibu kwamba mtihani wako ulikuwa na jina lingine. Mtihani wa KCE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1987, na waliofaulu hapo walifaulu kweli.

Na anayeuliza, “Atafanya kazi lini?” naye tumjibu kwa hesabu. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma uliongezwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Anayemaliza akiwa na miaka 45 ana miaka 15 mbele yake hata kwa kipimo hicho, na shamba, duka na kikundi havina umri wa kustaafu. Ila simwahidi mtu kazi. Vijana wenye vyeti wamejaa barabarani, nanyi mnawaona.

Turudi kwa mama yetu. Mtihani wa kwanza ulipotoka, alifaulu masomo yote isipokuwa takwimu. Alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso, akaipeleka nyumbani bila kumwonyesha mtu. Kwa siku tatu alipika yeye mwenyewe, akamwambia mama mkwe apumzike. Bwana yake akaona. Fundi huona kitu kikipinda hata kama hakijaanguka. Alipoulizwa sana, akaifungua leso.

Bwana akaisoma ile karatasi kwa muda. Kisha akasema, “Mimi nikijenga, kozi moja ya mawe ikipinda, sibomoi nyumba. Natoa mawe ya kozi ile moja, napiga timazi, najenga tena. Ni kozi moja tu imepinda, mama watoto.”

Mimi nimesoma vitabu vingi vya ualimu. Sijawahi kusoma jambo lililosemwa vizuri kuliko hilo, na mwenye kulisema ni mtu wa darasa la nane aliyeogopa kwamba mkewe atamdharau.

Aliirudia takwimu, akapita. Machi 2020 shule na vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona, na nyumba nzima ikajaa. Jioni walikaa meza moja, mama na watoto, taa moja katikati, kila mmoja na daftari lake. Yule mdogo alikuwa akimwuliza mama maswali ya hesabu, na mama akimwuliza mkubwa maswali ya kompyuta. Alimaliza masomo mwisho wa mwaka 2021. Kazi ya ofisi aliyoitumainia hakuipata. Leo anaandika hesabu za vikundi vitatu na za shule moja ndogo, nao humlipa, si nyingi, lakini ni yake, na bwana yake akipatana bei na mtu mwenye nyumba kubwa humletea karatasi aipitie kwanza.

Nina neno kwa makanisa. Ushirika wetu una ukumbi ambao kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa umefungwa kufuli, ukiwa na viti, meza na umeme. Ziko nyumba karibu nao ambamo mama anasubiri watoto walale ndipo apate pembe ya meza. Wazee wa kanisa, huo ukumbi unafungiwa nini? Fungueni jioni mbili kwa juma, mtafute mtu wa kukaa na watoto wadogo, na mwalimu mmoja mstaafu wa kusaidia. Tupo wengi, tena hatulipishi. Akina mama wa chama, dada yenu akikosa mkutano kwa sababu ya mtihani, msimwandike kwenye orodha ya waliopoa kiroho. Mpelekeeni uji. Nasi tunaotangaza matangazo ya Jumapili, tunapowapongeza watoto waliofaulu mitihani na kuwasimamisha mbele, tusimsahau mama aliyefaulu akiwa na miaka 44. Asimame naye. Ila mwulizeni kwanza, maana wengine hawapendi kusimamishwa.

Na baba uliyeacha masomo, usidhani mazungumzo haya hayakuhusu kwa sababu nimesema sana juu ya akina mama. Wewe huna hata kisingizio cha sufuria.

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, akijua kwamba siku zake zinakwisha, alimwandikia Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa, na pamoja nalo vitabu, hasa vile vya ngozi. Mnaipata habari hiyo katika 2 Timotheo 4:13. Mzee mwenye baridi, anayengojea kufa, anaagiza vitabu.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemwacha Mariamu aketi ulipokuwa ukifundisha, mwangalie mama aliyeficha cheti chake cha zamani chini ya nguo sandukuni, na leo asubuhi amekitoa akakitazama. Mwangalie bwana yake anayeogopa na hawezi kusema. Uwatie nguvu mama wakwe wenye mikono ya kusaidia, na wavulana walioshika mchi. Wanaokaa leo kwenye mtihani uwatulize mioyo, na wale walioanguka juzi uwape mtu wa kuwashikia timazi. Twaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.